Sumu Inayonyosha Jicho la Mtoto

Wahenga wa pwani walisema kwamba ukipenda, chongo huita kengeza, na kwa kauli hiyo walionyesha jinsi mapenzi yanavyoifanya ila kubwa ionekane ndogo. Kwa hesabu yao chongo ni msiba, na kengeza ni jambo la sura tu, tena ni jambo ambalo mzazi aweza kulistahimili, na pengine hata kulipenda, katika uso wa mwanawe. Elimu ya macho ya zama hizi haina ugomvi na mapenzi, lakini imedhihirisha kwamba masafa baina ya hali hizo mbili si marefu kama yalivyodhaniwa, kwani mtoto mchanga ambaye jicho lake limegeukia puani, akaachwa hivyo bila ya tiba, yamkini akakua na macho mawili mazima yasiyo na kovu wala chamba, na huku moja lao halioni sawasawa umri wake wote. Habari tunayoieleza hapa ni ya kengeza la namna hiyo, na ya tiba yake moja ya ajabu, ambayo huichukua sumu kali kuliko zote zilizopata kujulikana, ikaitia kwa sindano ndani ya msuli wa jicho la mtoto ambaye aghalabu hajatimiza hata mwaka mmoja.

Kila jicho la binadamu huendeshwa na misuli sita, minne iliyonyoka na miwili iliyolala mshazari, na katika hiyo ule ulio upande wa pua hulivuta jicho ndani, na ule ulio upande wa sikio hulivuta nje. Mtoto anapozaliwa macho yake hayajazoea kwenda pamoja, na katika wiki za mwanzo si ajabu kuyaona yakipotoka, mara hili mara lile, kisha yakarejea mahali pake. Mama hana haja ya kufadhaika kwa hilo. Lakini ufikapo mwezi wa tatu au wa nne macho yapasa yawe yametulia, na ikiwa hata umri huo jicho lingali limegeuka ndani wakati wote, kwa pembe kubwa inayoonekana na kila mtu, basi hilo si jambo la kungojewa liondoke lenyewe, maana ni nadra kuondoka. Kengeza la uchangani, ambalo huanza kabla ya miezi sita ya umri, huwapata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia na wale waliopata madhara ya ubongo, na katika baadhi ya jamaa huonekana kizazi baada ya kizazi. Walakini wengi walio nalo ni watoto wazima wa afya kwa kila hali nyingine, na misuli yao ya macho haina maradhi yoyote. Mushkili uko katika ubongo, ambao haukujaliwa kuyaongoza macho mawili kwa amri moja. Mara nyingi mtoto wa namna hii hutazama vitu vya upande wa kushoto kwa jicho la kulia, na vya upande wa kulia kwa jicho la kushoto, hata wazazi wakadhani kwamba macho hayo yamepooza na hayawezi kugeuka nje, kumbe yanaweza, ila hayana haja.

Upo pia udanganyifu wa sura ambao umewasumbua wazazi wengi bure. Watoto wachanga wana pua pana juu, na ngozi ya pembe ya ndani ya jicho huufunika weupe wa upande huo, na kwa sababu hiyo macho yaliyonyoka kabisa yaweza kuonekana kama yamegeuka. Njia nyepesi ya kuujua ukweli ni ile iliyopewa jina la Julius Hirschberg, tabibu wa macho wa Berlin katika karne ya 19: taa ndogo huwekwa mbele ya uso wa mtoto, na mng'ao wake hutazamwa katika macho yote mawili, ukianguka katikati ya mboni zote mbili macho yamenyoka, na ukianguka katikati ya mboni moja na pembeni mwa ya pili, kengeza ni la kweli.

Sasa yafaa tueleze kwa nini jambo hili ni la hima, maana tiba yote tutakayoitaja baadaye haina maana bila ya kulifahamu hilo. Kila jicho hupeleka picha yake kwenye ubongo, na picha hizo mbili, zilizochukuliwa kutoka mahali pawili palipoachana kidogo, ubongo huziunganisha ziwe moja, na katika kuunganisha huko ndimo tunamopata uwezo wa kujua kwa mtazamo mmoja kwamba kikombe kiko karibu na birika liko nyuma yake. Uwezo huo hatuzaliwi nao umekamilika. Huchipuka baina ya mwezi wa tatu na wa tano, nao huhitaji macho yote mawili yaelekee kitu kimoja. Mtu mzima akipatwa na kengeza ghafula huona vitu viwili viwili, akataabika. Mtoto mchanga hataabiki, kwani ubongo wake, ambao bado ni laini, huamua kuifuta picha ya jicho lililopotoka. Hiyo ni raha inayonunuliwa kwa thamani kubwa. Ikiwa jicho linalofutwa ni lile lile kila siku, sehemu ya ubongo iliyokusudiwa kulihudumia hutwaliwa na jicho la pili, na kuona kwake hufifia hata miwani isiweze kulisaidia.

Ithibati ya jambo hili ilitolewa na David Hubel na Torsten Wiesel wa chuo kikuu cha Harvard, ambao katika miaka ya 1960 waliwafanya paka wachanga wawe na makengeza kwa kuukata msuli mmoja wa jicho, kisha wakazisikiliza chembe za ubongo wao moja moja. Wakakuta kwamba chembe ambazo kwa paka wa kawaida huitikia macho yote mawili, kwa paka hawa ziliitikia jicho moja tu. Kwa kazi yao juu ya kuona walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kabla yao rai za waganga zilikuwa zimegawanyika. Mwingereza Claud Worth, aliyeandika mwaka 1903, aliona kwamba watoto hawa huzaliwa wamenyimwa uwezo wa kuunganisha picha, na mtu akikinaishwa na rai hiyo hana sababu ya kuharakisha chochote, kwani kilichonyimwa hakirudishwi. Bali Bernard Chavasse wa Liverpool, mwaka 1939, alishika kwamba uwezo upo, isipokuwa hunyauka kwa kukosa kutumiwa, na kwamba macho yakinyoshwa mapema waweza kuokolewa. Muda umempa haki Chavasse kwa sehemu kubwa. Watoto walionyoshwa macho kabla ya kutimiza miaka miwili hupata angalau sehemu ya muungano wa picha, na kadiri muda wa kupotoka unavyokuwa mfupi ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa kubwa, ingawa ni wachache wanaoupata ukamilifu.

Dawa ya kale ya kengeza ni kisu. Johann Friedrich Dieffenbach alimpasua mvulana mmoja huko Berlin mwaka 1839, akaukata msuli wa ndani, na tangu siku hizo ufundi umeendelea hata wapasuaji wa leo hawaukati msuli ukapotea, bali huung'oa mahali ulipojishika, wakaushona nyuma zaidi kwa kipimo cha milimita, ili nguvu yake ipungue. Kazi hiyo ni njema, na hata sasa ndiyo inayofanywa zaidi duniani. Lakini humhitaji mtoto alale nusukaputi kwa muda usio mfupi, huacha makovu juu ya jicho, na watoto wengi huhitaji kupasuliwa mara ya pili au ya tatu.

Sumu yenyewe historia yake inaanzia jikoni. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika nchi ya Württemberg kusini mwa Ujerumani, watu walikuwa wakifa baada ya kula soseji zilizohifadhiwa vibaya, na tabibu mmoja kijana aliyekuwa mshairi pia, Justinus Kerner, akajitwisha kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo. Alikusanya habari za wagonjwa mmoja mmoja, akafanya majaribio kwa wanyama, akaijaribu sumu hata juu ya nafsi yake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1822 akazitaja dalili kwa usahihi unaostaajabisha: kope kulegea na kushuka, macho kuona vitu viwili viwili, koo kukauka, na misuli ya mwili kuishiwa nguvu mpaka ile ya kuvuta pumzi, na wakati wote huo akili ya mgonjwa iko timamu. Fauka ya hayo alibashiri kwamba sumu hiyo hiyo, ikitumiwa kwa vipimo vidogo mno, huenda siku moja ikawa dawa ya maradhi ya neva zilizopita kiasi katika kazi yake. Aliyasema hayo kabla ya mtu yeyote kujua sumu inatoka wapi. Jawabu lilipatikana baada ya Desemba 1895, wakati wapiga muziki wa kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, walipokula paja la nguruwe lililohifadhiwa, baada ya kupiga muziki mazishini, wakaugua wengi na kufa watatu. Émile van Ermengem, profesa wa Ghent, akakivumbua katika nyama ile kijidudu kinachostawi pasipo na hewa, na ambacho ndicho kinachoitengeneza sumu iitwayo botulini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Marekani waliishughulikia sumu hii huko Camp Detrick, Maryland, kwa makusudi ya silaha, na mwaka 1946 ikapatikana ikiwa safi kama chembe za fuwele. Mwaka 1949 Arnold Burgen na wenzake wa London wakaonyesha jinsi inavyofanya kazi. Neva inapotaka msuli ukazike humwaga kwenye ncha yake tone la kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu huingia katika ncha hiyo na kuizuia isimwage, na msuli, ambao wenyewe haukudhurika hata kidogo, hubaki unangoja amri isiyofika. Baada ya miezi michache neva hujirekebisha, amri zikapita tena kama kwanza. Kwa mtu aliyekula sumu nyingi, kungoja huko ni mauti. Lakini fikiri ingekuwaje lau msuli unaongoja ungekuwa mmoja tu, tena uwe ule uliokuwa ukilivuta jicho kupita kiasi.

Aliyefikiri hivyo alikuwa Alan Scott, tabibu wa macho wa San Francisco, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2021. Katika taasisi ya Smith-Kettlewell alikuwa akitafuta kitu cha kuudhoofisha msuli wa jicho bila ya kuukata, akavijaribu vitu kadhaa, na sumu ya nyoka mojawapo, visimfae. Ndipo alipoletewa sumu ya botulini na Edward Schantz, aliyeishughulikia miaka mingi huko Detrick na baadaye akahamia chuo kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1973 Scott alitangaza matokeo yake kwa tumbili: macho yaligeuka kama alivyotaka, na tumbili hawakudhurika mahali pengine popote. Mwishoni mwa muongo huo akawatia sindano watu wazima wa kwanza waliokubali kwa hiari yao, na mwaka 1989 serikali ya Marekani ikaipa dawa hiyo idhini kwa ajili ya makengeza na kufumba kwa kope kusikozuilika. Leo watu wengi huijua kwa jina la Botox na kwa kazi ya kufuta makunyanzi ya uso, na mimi naona ni haki watoto wenye makengeza watajwe kwanza inapotajwa, kwa sababu jicho lililopotoka ndilo lililoleta dawa hii duniani.

Ile idhini ya mwaka 1989 iliwahusu walio na umri wa miaka 12 na zaidi. Kuwatibu wachanga ni jambo ambalo waganga walilifanya kwa ijtihadi yao, wakianza na Scott mwenyewe na wenzake Elbert Magoon na Keith McNeer nchini Marekani, kisha wengine huko Italia na Hispania, na mzazi ana haki ya kuelezwa hivyo kinaganaga kabla ya kutia saini yake.

Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Mtoto hulazwa kwa dawa nyepesi ya usingizi, na baadhi ya waganga huchagua ketamini kwa kuwa haiizimi misuli ya macho, kisha sindano nyembamba hupitishwa kando ya jicho mpaka ndani ya msuli ulio upande wa pua. Scott alibuni sindano ambayo pia hunasa umeme wa msuli, na umeme huo hugeuzwa sauti katika kipaza sauti kidogo, ili tabibu apate kupajua kwa masikio yake mahali pasipoonekana: mlio ukizidi kuvuma na kupasuka, ncha imefika. Wengine huushika msuli kwa koleo ndogo, au huifungua ngozi laini ya jicho kidogo ili wauone. Aghalabu hutiwa misuli ya macho yote mawili, hata ikiwa jicho moja ndilo lionekanalo kupotoka, maana kosa ni la mwendo wa pamoja. Kipimo cha kawaida ni kama yuniti 2.5 kwa kila msuli, na mtu mzima anayeondolewa makunyanzi baina ya nyusi hutiwa 20. Dozi ya kumfisha mtu mzima wa kilo 70 hukadiriwa kuwa maelfu mawili na nusu ya yuniti au zaidi, na hata ukiigawanya kwa kumi kwa ajili ya mtoto wa kilo 7, bado mtoto huyo amepewa sehemu ndogo sana ya kiasi cha kuhofiwa.

Yanayofuata huwatisha wazazi wasioonywa. Siku ya pili au ya tatu macho huanza kufunguka, na baada ya wiki moja yaliyokuwa yakitazama pua sasa yaweza kutazama nje, kila moja upande wake, kwa pembe inayoweza kumtoa mama machozi. Kope nazo huweza kushuka, nusu au zaidi, kwa sababu sumu kidogo imevuja ikauzima msuli unaoziinua. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza aliyoiandika Kerner, nayo huwatokea watoto si haba. Mambo yote mawili hupita katika wiki na miezi ifuatayo, na waganga wenye uzoefu huliona lile la macho kwenda nje kuwa ni bishara njema, kwani watoto waliopita mpaka mwanzoni ndio mara nyingi wanaotulia vizuri mwishoni. La kuangaliwa ni kope: ikishuka hata kuifunika mboni moja moja kwa moja, jicho hilo hukosa mwanga katika umri usiovumilia kukosa, na lazima mtoto arudishwe kwa tabibu bila ya kungoja.

Mwenye akili atauliza, ikiwa sumu huisha baada ya miezi mitatu, kwa nini macho hayarudi yalikokuwa? Mlingoti wa jahazi hushikwa wima na kamba za pande mbili. Ukiilegeza ile iliyokaza mno, ile ya pili hupata nafasi ya kuuvuta, na baharia akazifunga upya zote mbili kwa urefu mpya. Msuli wa ndani unapokuwa umezimwa, ule wa nje, ambao miezi yote ulikuwa umenyoshwa, hujifupisha, na wa ndani hunyoshwa, na nyuzi zao hujijenga upya kwa kadiri hiyo. Lakini sehemu iliyo kubwa zaidi ni ya ubongo. Macho yanaporudi polepole kutoka nje kuja katikati, hupita mahali ambapo picha mbili zinalingana, na ubongo wa mtoto wa miezi sita au saba, ambao bado uko katika umri wa kujifunza, huweza kuzishika picha hizo na kuanza kuyazuia macho yasipotoke tena. Ndiyo sababu waganga wa Italia, walipoyapima matokeo yao, walisisitiza kwamba sindano itiwe mapema, kabla ya mwezi wa nane.

Haifai kuisifu tiba kupita inavyostahili. Katika makengeza ya pembe ndogo na ya wastani sindano huonekana kukaribiana na kisu, lakini pembe ikiwa kubwa sana kisu hushinda, na watoto wengi waliotiwa sindano huhitaji kutiwa tena, na baadhi yao mwisho hupasuliwa. Mara chache sana ncha ya sindano hulitoboa jicho, au damu huvuja nyuma yake. Ila sindano ina fadhila ambayo kisu hakina, nayo ni kwamba haifungi mlango: msuli haukukatwa, kovu halikubaki, na ikishindikana mpasuaji hukuta jicho kama lilivyoumbwa. Tena chupa moja yenye yuniti 100 yaweza kuwatosha watoto wengi, sharti ihifadhiwe katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikisha kuchanganywa itumiwe katika saa 24. Kwa hiyo hospitali inayowakusanya watoto wake siku moja huupunguza sana ughali wake, na jambo hilo si dogo katika nchi kama zetu.

Kwa msomaji wa huku, mwenye mtoto au mjukuu ambaye jicho lake limegeuka, hatua ya kwanza si kuuliza habari za sindano. Ni kumpeleka mtoto kwa tabibu wa macho, hasa penye waganga wa macho ya watoto, kama KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam au hospitali ya Kikuyu nchini Kenya, apanuliwe mboni na kutazamwa nyuma ya jicho. Kengeza laweza kuwa alama ya kwanza ya saratani ya jicho la watoto, ambayo alama yake kuu ni mboni kumeta weupe kama jicho la paka usiku, na saratani hiyo ikigunduliwa mapema maisha huokolewa, na mara nyingine jicho pia. Hakuna tabibu mwaminifu atakayemtia mtoto sindano wala kisu kabla ya kuliondoa shaka hilo. Na kwa kuwa tumeitaja botulini, inapasa tuseme pia kwamba asali, ambayo katika nyumba nyingi zetu hulambishwa mtoto mchanga kwa baraka na kwa dawa ya kifua, yaweza kubeba mbegu za kijidudu hicho, nazo zikiota katika utumbo wa mtoto hutengeneza sumu humo humo. Asali na ingoje mpaka mtoto apite mwaka mmoja.

Baada ya macho kunyoka kazi haijaisha. Ikiwa jicho moja limeonekana kuwa dhaifu, lile lenye nguvu huzibwa kwa kiraka saa kadhaa kila siku ili jenzake lilazimike kufanya kazi, na mtoto atalia na kukibandua, na mama atakirudisha. Kufikia mwaka wa pili au wa tatu watoto wengine huanza kupotoka tena kwa sababu ya kuyakaza macho wakitaka kuona karibu, na hao hupewa miwani, ambayo peke yake yaweza kutosha kuyarudisha. Kwa hiyo waganga huendelea kuwaita watoto hawa kila baada ya miezi michache, kisha kila mwaka, mpaka wafikapo miaka saba au minane, umri ambao ubongo huwa umekwisha kuamua ni jicho gani utalitumia na kwa kiasi gani.